Uwanjani Hakuna Yaya

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Joto la mwezi wa kumi, na mvua inauzunguka mji tangu juzi bila kushuka. Vumbi jekundu limenijaa hadi ndani ya masikio. Nina hasira, na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Tumefungwa. Hamsini na mbili kwa hamsini na moja.

Haya, nimelisema, sasa naweza kuendelea.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: asubuhi mimi ni mwalimu wa hesabu, na kuanzia saa tisa alasiri ni kocha wa mpira wa kikapu wa wasichana wa chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi. Nina miaka arobaini na sita, magoti mawili mabovu na filimbi moja. Alhamisi kamati ya timu iliniambia nisimwanzishe Mwansa katika mechi ya leo. Nikimwanzisha na tukafungwa, nirudishe filimbi, na yeye akae benchi mpaka amalize masomo. Nilimwanzisha, tukafungwa. Filimbi bado iko shingoni mwangu ninapoandika haya, na haitatoka mpaka mtu aje kuivua kwa mikono yake mwenyewe.

Mwansa ana miaka kumi na tisa. Ametoka Kasenga, mama yake anauza samaki wakavu, na hapa mjini anakaa kwa shangazi yake kule Annexe, ambako ukishuka kwenye basi bado una nusu saa ya kutembea kati ya mashamba ya mahindi. Si mrefu, na mbio zake ni za kawaida tu. Lakini mwaka jana nilipomwona mara ya kwanza, alimtupia mwenzake mpira mahali ambapo hapakuwa na mtu, na kabla sijafungua mdomo kumkosoa, mtu akawa amefika pale. Nimefundisha mchezo huu miaka kumi na minane na jambo hilo sikuwahi kumfundisha mtu. Nilijua siku ile ile kwamba nitamfanya kiongozi wa mashambulizi yetu, yule ambaye huku tunamwita meneuse: anayepandisha mpira, anayesoma adui amesimamaje, na anayewaambia wengine wanne waende wapi.

Hapo kwenye kuwaambia ndipo shida ilipoanzia.

Huku kwetu, dada au kaka mkubwa ni yaya. Msomaji wa mbali asicheke, najua kwenu yaya ni mlezi wa watoto. Kwetu ukimzidi mtu hata mwaka mmoja, hawezi kukuita jina tupu. Na wachezaji wangu wote wa kwanza wanamzidi Mwansa. Nahodha wetu Béatrice ana miaka ishirini na mitano, yuko mwaka wa mwisho wa sheria, na anatembea kama mtu ambaye tayari ameshavaa joho. Clémence, mrefu wetu wa kucheza chini ya kikapu, ana mtoto anayesoma shule ya msingi.

Sasa fikiria. Kila shambulizi lina sekunde ishirini na nne. Mwezi uliopita, mechi ya kwanza ya msimu, shambulizi la mwisho, Mwansa ana mpira, ameona njia kushoto, mimi mwenyewe nimeiona kutoka benchi. Akafungua mdomo na kusema, "Yaya Béa, pardon, upite kule." Kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Alipofika kwenye "kule", mlinzi wa wale wengine alikuwa ameshaziba. Filimbi ikalia, muda umekwisha, watu jukwaani wakacheka mpaka wakapigana mabega.

Mimi sikucheka. Nilifanya kibaya zaidi, nilimfokea mbele ya watu wote. Nilimuuliza kama amekuja kucheza au kubembeleza. Yeye akainamisha kichwa na kusema, "Maman Coach, nikiita Yaya Béa jina tupu, kinywa inakataa." Bado naona aibu nikikumbuka, kwa sababu alikuwa ananiambia ukweli na mimi nilidhani ananipa kisingizio.

Wiki iliyofuata nikaamua kutumia mabavu. Niliwaambia wote kwamba mazoezini hakuna yaya, kila mtu ataitwa jina lake. Mwansa akatii, masikini, akaita "Béa!" kwa sauti ya mtu anayeruka mtaro. Béatrice akasimama katikati ya uwanja, akauweka mpira chini kwa utaratibu kabisa, akaniangalia mimi, wala si Mwansa.

"Mi niko mukubwa yake, Maman Coach. Hata mudogo wangu wa tumbo moja haniite jina tupu."

Akaenda kukaa kivulini, na wengine wawili wakamfuata. Nikabaki uwanjani na Mwansa anayelia na filimbi isiyo na wa kumpigia.

Nikajaribu namba za jezi. Nne, sita, kumi na moja. Siku moja tu. Clémence aliniuliza, mikono kiunoni, "Maman, sasa sisi tuko bafungwa? Banatuita na numéro?" Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana alikuwa na haki.

Nikisema kweli, wiki ile nilikaribia kukata tamaa. Papa Muhindo, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ananipigia simu kila asubuhi. Ni mfanyabiashara wa jumla, alikuja hapa kutoka upande wa Butembo na malori mawili, sasa anayo mengi, na basi letu la kwenda mechi ni lake. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayenihurumia: "Maman Coach, ule mutoto iko na akili, sikatae. Lakini bakubwa hawawezi kufuata mutoto. Hata ku kazi yangu, shofere wa miaka makumi tano hapokee amri ya mutoto." Alitaka Béatrice awe meneuse. Béatrice ni mtupaji, mkono wake ni wa dhahabu akiwa amesimama peke yake, lakini mpe mpira aupandishe akiwa na watu wawili mbele yake na macho yanamganda. Kumfanya meneuse ni kuharibu wawili kwa mpigo mmoja.

Dawa niliipata nikiwa nasonga bukari, ugali wetu wa huku, nikimfikiria marehemu baba yangu.

Baba alikuja mjini kijana kutoka kaskazini ya Katanga, akaajiriwa kwenye reli. Kazi yake ilikuwa bendera: kijani treni ipite, nyekundu isimame. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mmoja wa madereva waliopita kwenye njia yake alikuwa mjomba wake wa damu, mtu ambaye nyumbani hakuthubutu hata kumtazama usoni. Siku ya kwanza baba aliogopa kumwinulia bendera nyekundu. Aliiinua nusu, kwa adabu, na mjomba akapita pale alipopaswa kusimama. Bahati hakukuwa na kitu mbele. Jioni mjomba alimwita akamwambia: kwenye reli ukiinua bendera, mimi nasimama, tukifika nyumbani, utanisalimia kwa mikono miwili. Bendera haina yaya wala mdogo. Baba alitusimulia habari hiyo kila alipoona mmoja wetu anaogopa kazi yake, na sisi tulikuwa tukipeana macho, tukisema ndiyo hiyo tena.

Basi nikaacha bukari ishike chini ya sufuria. Nikachukua vizibo vya soda kumi, vitano vyetu na vitano vya adui, nikavipanga mezani.

Jambo lenyewe ni hili. Kama Mwansa hawezi kumwita mtu, asimwite mtu. Aite mahali. Nikaandika mashambulizi matatu tu, na kila moja likapata jina la mahali ambapo wote wanapajua. Kinsevere, kule kwenye mgodi: tunaingia ndani kuchimba, mpira unakwenda kwa Clémence chini ya kikapu. Kasenga: mpira unakimbilia kona ya kulia kabisa, kama gari la samaki linalowahi soko. Annexe: kila mmoja anajitawanya mbali na mwenzake, uwanja unakuwa mpana, adui anabaki na mashamba ya kulinda na walinzi wachache, na Béatrice anaachwa peke yake kushoto. Mwansa akisema mahali, kila mtu anajua njia yake. Hajaamriwa na mdogo, ameonyeshwa bendera.

Nilidhani watanicheka. Béatrice alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama Annexe ni kushoto ya kikapu au kushoto yake yeye. Nikajua amekubali.

Wiki tatu tulifanya hayo matatu tu. Mwanzoni Mwansa aliyasema kama mtu anayesoma orodha ya wagonjwa. Nikampeleka mwisho wa uwanja, karibu na barabara, aite huku malori yakipita, na nikawa nasimama upande wa pili nikimwonyesha kwa mkono kama nimesikia au la. Siku ya nne muuza karanga wa pale getini naye akawa anajibu, akisikia "Kasenga!" anajibu "Niko nakuya!" Mwansa alicheka, na sauti ikatoka humo humo kwenye kicheko. Tangu siku hiyo haikurudi ndani. Nilimfundisha pia kutazama mabega ya walinzi badala ya macho yao, kwa sababu macho yanadanganya. Kila jioni nilimpa vizibo aende navyo, na asubuhi anavipanga tena mezani kwangu kwa namna ambayo mimi sikuifikiria. Mara moja alinionyesha kosa katika Kinsevere yangu. Nilimsifu. Ni rahisi kumsifu mtu mezani.

Alhamisi kamati ikaniita. Walikuwa watano nyuma ya meza, chupa za maji mbele yao. Papa Muhindo akasema masharti. Nikauliza ni nani kati yao ameona mazoezi ya wiki hizi tatu. Nikawaambia wanaohukumu chakula bila kuonja waniachie jiko langu, nikatoka.

Sasa naja kwenye mechi ya leo.

Tulicheza nyumbani, mechi ya kwanza kati ya mbili. Ya marudiano ni Jumamosi ijayo kwenye uwanja wa wapinzani, na jumla ya pointi ndiyo itakayoamua nani anakwenda Kolwezi kwenye mashindano ya vyuo. Robo ya kwanza Mwansa alikosea mara nne na nikasikia jukwaa likianza kumwimbia "Yaya pardon". Hakugeuka. Robo ya pili akasema "Kasenga" mara tatu mfululizo, mara tatu kikapu. Robo ya tatu hawakuimba tena. Clémence alichimba Kinsevere mpaka kocha wa wale wengine akabadilisha walinzi wawili. Nilikuwa nimesimama muda wote, nimesahau magoti, na nilikuwa na furaha ambayo sijawa nayo miaka mingi, furaha ya kuona kitu nilichokipanga kwa vizibo kinatembea na miguu.

Sekunde kumi na moja zimebaki. Sisi tuko nyuma kwa pointi moja. Nikaomba muda. Wote wakanizunguka, jasho linadondoka juu ya karatasi yangu. Nikasema Kinsevere. Mpira kwa Clémence, amalize. Mwansa alinitazama kidogo, kisha akaingia uwanjani.

Akapandisha mpira. Nami sasa nikaona alichokuwa ameshakiona yeye: watatu wao walikuwa wameshajazana chini ya kikapu wanamsubiri Clémence. Kinsevere yangu ilikuwa imejaa wachimbaji wa watu wengine.

"Annexe!" Mwansa akaita.

Na mimi, kutoka benchi, kwa sauti yangu yote: "Kinsevere!"

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshaona kwamba ana haki. Nadhani mdomo ulitangulia.

Akageuza kichwa. Mpira unadunda mkononi mwake, sekunde zinakwenda, akanitazama usoni mimi ninayemzidi miaka ishirini na saba.

"Hapana," akasema. Kisha kwa wengine, "Annexe!"

Wakatawanyika. Béatrice mwenyewe, yule aliyeuweka mpira chini mwezi uliopita, alikimbia kushoto bila kuuliza. Akapokea mpira akiwa peke yake kabisa, hakuna mlinzi hata wa kumpigia kivuli. Akatupa. Ukaingia nusu, ukazunguka chuma mara mbili, ukatoka.

Kengele.

Sasa niandike kile ambacho sikumwambia mtu. Mpira ulipokuwa hewani, kabla haujafika, tayari nilikuwa na hasira na Mwansa. Si kwa sababu alikosea, kwa maana hakukosea. Nilikasirika kwa sababu alisema hapana, hapana kavu, bila "Maman", bila "pardon".

Nilitaka Maman yangu.

Wiki tatu nzima nimewafundisha wengine kwamba bendera haina yaya, na yaya ambaye nilimsahau ni mimi. Ilinichoma pale kwenye benchi, na bado inanichoma.

Papa Muhindo alishuka kutoka jukwaani kabla hatujaokota chupa. Aliwapa wachezaji pole, mmoja mmoja, kama anavyofanya siku zote. Kisha akaniuliza, mbele yao, "Maman Coach, ulikuwa unasema Kinsevere, wote tulisikia. Ni nani alibadilisha?"

"Ni mimi," nikasema. Ni uongo, na sitautubu.

"Hapana," Mwansa akasema. Mara ya pili leo. "Ni mimi njo nilisema Annexe. Kinsevere ilikuwa inajaa."

Papa Muhindo akamtazama kama anayetazama lori linalojiendesha. Akafungua mdomo, lakini Béatrice akawa amesimama kati yao, taulo shingoni, macho mekundu.

"Papa, mutoto alinipatia mupira muzuri. Nilikuwa peke yangu. Mi njo nilikosa. Kama munatafuta wa kufukuza, mufukuze mi."

Clémence akasema wakiandika barua ya kufukuza, na jina lake liwemo. Papa Muhindo alijifuta uso kwa kitambaa, akasema kamati itakutana Jumatatu, na kwamba filimbi niwe nayo tayari. Akaondoka. Lakini dereva wake alituachia basi la kuwarudisha wasichana makwao, kwa hiyo sijui moyo wake uko wapi hasa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa mwishoni. Béatrice alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja anafungua viatu, bado anafuta macho. Mwansa akamwendea polepole, ile hatua yake ya zamani, akainama kidogo na kusema, "Yaya Béa, pardon, lete nikubebee sac." Béatrice akampa begi. Wakaenda pamoja hadi kwenye basi, mdogo nyuma ya mkubwa. Kabla ya kupanda, Mwansa akarudi mbio hadi kwangu, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Maman Coach, jioni njema. Usinikasirikie."

Nilimwambia siku atakayonisikiliza wakati Kinsevere imejaa, ndipo nitakasirika. Kisha nikageuka nikajifanya natafuta kizibo kilichoanguka.

Kwa hiyo Jumatatu kamati iketi, inywe maji yake. Wakitaka kusikia, nitawaambia ilivyokuwa: shambulizi lilikuwa sahihi, msomaji wake alikuwa sahihi, na mkono bora tulionao ulipata nafasi bora ya mchezo mzima. Mpira ni mviringo, unaweza kutoka. Hilo si kosa la mtoto, wala si sababu ya kumrudisha kwenye kuomba ruhusa. Heshima si utumwa, na mimi hajanivunjia.

Saa tisa ya siku hiyo hiyo, mkutano uwe umekwisha au haujakwisha, nitakuwa uwanjani. Tutafanya Annexe mpaka jua lizame, na Béatrice atatupa kutoka pale pale kushoto. Karatasi ya wachezaji wa Jumamosi ijayo nimeshaijaza, iko hapa chini ya sahani ya bukari. Nimeandika kwa wino.

Jina la kwanza ni Mwansa. Anayetaka kulifuta aje na kalamu yake.